Mkokoteni Mwekundu na Ukuta wa Kinyozi

Kabla ya mikokoteni kuingia nyumbani mwake, Mama Pindo aliiogopa Jumamosi kama mtu anavyokiogopa kiti cha daktari wa meno. Si kwamba alimchukia mkwe wake. Angemchukia kwa lipi? Kijana mwenyewe mtulivu, fundi wa mafriji, kucha zake safi kuliko za bibi harusi. Kila alipofika alivua viatu mlangoni akavipanga pua zikitazama nje, utadhani na viatu navyo vimefundwa adabu. Lakini tatizo lilikuwa hiyo hiyo adabu. Mkwe alimheshimu mama mkwe kupita kiasi, mama mkwe naye akamheshimu mkwe kupita kiasi, na heshima mbili nene namna ile zikikaa katika sebule moja, maneno hayapati pa kupenya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, mama."

"Na kazi?"

"Kazi nzuri, mama."

Basi, hapo mazungumzo yamekwisha, na binti bado yuko kwenye duka la dawa pale njia panda, hafungi mpaka mchana umepoa. Mkwe anatazama vidole vyake vya miguu. Mama Pindo anatazama cherehani yake iliyo karibu na dirisha, na kopo la biskuti lililojaa vifungo, na suruali za watu zinazongoja kupunguzwa, maana hiyo ndiyo kazi iliyompa jina. Saa ya ukutani inasema peke yake, ko, ko, ko, na wao wanaisikiliza kama inatoa hotuba.

Friji ndilo lililokuwa likiwaokoa. "Mama, friji linaendeleaje?" mkwe angeuliza, na Mama Pindo angejibu kwa shukrani kubwa, "Aa, jana nimelisikia kama linakohoa." Mkwe anaruka, anafungua mfuko wa vifaa, analivuta friji, analipiga tochi mgongoni. Friji lenyewe lilikuwa zima kama ng'ombe wa maziwa. Lakini kila Jumamosi lilitibiwa, na wiki moja Mama Pindo alilegeza skrubu kwa mkono wake mwenyewe, kwa ncha ya mkasi, ili mgonjwa awe na ugonjwa.

Sasa siku moja binti alisafisha kabati kwake, akaleta kwa mama vitu alivyoviona vinamjazia nyumba. Miongoni mwake ilikuwamo mashine yake ya gemu ya tangu usichana, na diski moja tu, Mbio za Mikokoteni. Jumamosi ile, baada ya "kazi nzuri, mama", mkwe aliitazama mashine, akaitazama runinga, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, "Mama, tuijaribu?"

Mama Pindo aliishika padi ile ya vitufe kwa mikono miwili kama anavyoshika kitambaa kinachoteleza. Gemu yenyewe si ngumu kuelewa. Uko juu ya mlima, unasukuma mkokoteni uliojaa matikiti. Chini kabisa kuna soko. Unateremka. Kuna kona, kuna kuku, kuna bibi anayevuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, kuna kibanda cha kinyozi, kuna daraja, na anayefika sokoni akiwa na matikiti mengi ndiye bingwa. Kioo cha runinga kinagawanyika pande mbili. Mama Pindo alichukua mkokoteni mwekundu upande wa kushoto, mkwe akachukua wa kijani upande wa kulia.

Kona ya kwanza wote wawili walimgonga yule bibi.

"Samahani, bibi," alisema mkwe kwa runinga, kwa heshima zote.

Mama Pindo alicheka mpaka miwani ikaanguka mapajani. Na pale pale, bila kufikiri, akasema, "We mkokoteni wa kijani, hata macho huna?" Kisha akashtuka. Amemtukana mkwe! Lakini mkwe alikuwa anatabasamu. Naye akainama mbele, akauambia mkokoteni mwekundu, "Na wewe mwekundu, usicheke. Matikiti yako nusu yako mtaroni."

Hivyo ndivyo sheria ilivyozaliwa, na hakuna aliyeitangaza. Mtu na mkwewe hawataniani, hilo linajulikana. Lakini mikokoteni haina wakwe. Kuanzia siku ile maneno yote makali yalipelekwa kwa mikokoteni, na adabu yote ikabaki kwa watu. "Mkokoteni wa kijani leo umelala njaa nini, mbona unajikokota?" "Mkokoteni mwekundu umezeeka, magurudumu yanalia kama mlango wa ghala." Kisha, mbio zikiisha, "Mama, nikuongezee chai?" "Ahsante, mwanangu, kidogo tu."

Na sheria ya pili ilizaliwa pamoja na ya kwanza. Kila mtu na nusu yake ya kioo. Kuchungulia nusu ya mwenzako ni sawa na kuchungulia chumba chake.

Binti aliporudi kazini siku ile aliwasikia tangu barabarani. Alidhani kuna wageni. Akafungua mlango, akamkuta mama yake amepandisha miguu kwenye kochi anaiambia runinga, "Kimbia, kimbia, mpumbavu wa kijani anakuja!" na mume wake kando yake anatoa jasho.

"Nani mpumbavu?" binti aliuliza.

"Mkokoteni," walijibu pamoja.

Tangu hapo Jumamosi ikawa siku ya Mama Pindo. Katikati ya mbio na mbio maneno yalianza kutoka yenyewe. Mkwe alimsimulia jinsi mama yake mzazi alivyokuwa akiimba akifua. Mama Pindo alimsimulia marehemu mumewe, ambaye hakuweza kupita mbele ya mbwa bila kumwamkia. Skrubu za friji zikakaa mahali pake.

Ila ilikuwapo siri, na siri hiyo ilikuwa ukuta wa kinyozi.

Aliigundua kwa bahati. Alikuwa ameteleza, anatafuta miwani kwa mkono mmoja, kidole gumba kikabonyeza kurudi nyuma. Mkokoteni mwekundu ukarudi kinyumenyume hadi kwenye ukuta wa kibanda cha kinyozi, mahali palipochorwa kichwa cha mwanamume aliyenyolewa vizuri, na badala ya kugonga, ukaingia. Ukazama ukutani kama kijiko kwenye uji. Kioo kikawa cheusi kidogo, kisha huyo, ametokea nyuma ya soko, matikiti yote salama, hajaliona daraja wala kona wala kuku.

Mama Pindo alimshukuru Mungu, kisha akamwomba msamaha.

Maana yeye si mtu wa ujanja. Huyu ni mwanamke aliyewahi kufumua suruali ya mteja kwa sababu pindo la kushoto lilikuwa refu kuliko la kulia kwa upana wa uzi. Alimkemea muuza mkaa mbele ya mtaa mzima kwa kuweka mawe chini ya gunia. Na sasa yeye mwenyewe anapita ndani ya ukuta! Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Sasa alielewa ni fupi kiasi gani. Aliahidi asirudie. Jumamosi iliyofuata, mkokoteni wa kijani ulipojigamba sana, alirudia. Baadaye alijiwekea mpaka: ukuta ni wa dharura tu. Lakini dharura nazo, ukizikaribisha, hazikawii kuzoea nyumba.

Binti hakujua lolote katika haya. Alichojua ni kwamba mama yake na mume wake wanapatana, na alitaka kuwafurahisha zaidi. Hapo ndipo alipoharibu.

Jumamosi moja aliomba ruhusa akaja mapema, ana mfuko nyuma ya mgongo. "Fumbeni macho!" Akatoa kasha linalong'aa. Mbio za Mikokoteni, lakini si ile. Wenyewe walioitengeneza wameitengeneza tena, toleo jipya, kila kitu upya. Akawaunganishia na mashine mpya aliyoikopa kwa mdogo wake wa kazini.

"Na ile diski ya zamani?" Mama Pindo aliuliza.

"Nimempa yule fundi wa gemu, yule Dokta wa nyuma ya posta. Alikuwa anachukua ya zamani ukinunua mpya. Ya nini tena, mama? Ilishachakaa."

Mama Pindo hakupenda, lakini zawadi ni zawadi. Akasema ahsante.

Na kwa kweli ilikuwa nzuri, usiseme. Maji chini ya daraja yalicheza na mwanga. Kuku walikuwa na vivuli. Matikiti yalikuwa na mistari, moja moja, hadi ukatamani kisu. Yule bibi wa barabarani alikuwa na kanga yenye maua, na sasa alitazama kushoto na kulia. Tena kulikuwa na mtu ndani ya runinga, haonekani, anatangaza kila jambo kwa sauti nene: "Na huyooo, mwekundu anachukua kona!"

"Huyu naye nani?" Mama Pindo aliuliza.

"Mtangazaji, mama. Kapendeza, eh?"

"Anaongea kuliko mimi."

Walifika kwenye kibanda. Mkokoteni wa kijani ulikuwa umetangulia. Mama Pindo akaona hii ni dharura, akarudi kinyumenyume kwenye kichwa cha mwanamume aliyenyolewa, ambaye sasa alikuwa amechorwa hadi vinyweleo.

Gbwa!

Matikiti yakapaa. Akajaribu tena. Gbwa! Akasogea kidogo kushoto, penye sikio. Gbwa! "Jaribu tena, bingwa!" alisema mtangazaji. Ukuta ulikuwa umekuwa ukuta.

Alitegemea kusikia kijani kikishangilia sokoni. Lakini upande wa pili nao ulikuwa na kimya cha ajabu, na kwa mara ya kwanza tangu sheria ya pili ipitishwe, jicho lake lilimponyoka. Mkokoteni wa kijani ulikuwa mtoni. Umekaa chini ya daraja, umeinamisha shingo, matikiti yanaelea yanakwenda zake, na mkwe anabonyeza kitufe kile kile kama anayepiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

"Jamani," alisema binti, "mbona mnacheza kama mmefungwa vitambaa machoni? Nipe." Akachukua padi ya mumewe, akateremka mlima kwa ustaarabu, akampisha bibi, akavuka daraja, akafika sokoni na matikiti yake yote. "Rahisi tu!"

Hakuna aliyempigia makofi. Mkwe alifuta viganja kwenye suruali. Saa ya ukutani, ambayo Mama Pindo alikuwa ameisahau, ikaanza, ko, ko, ko.

"Mama," alisema mkwe, "friji linaendeleaje?"

Maneno yale yalimchoma Mama Pindo kama sindano iliyosahauliwa kwenye mto.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo. Shikamoo, marahaba, hamjambo, kazi nzuri. Walicheza mbio moja kwa heshima, hakuna aliyeutukana mkokoteni wowote, na mtangazaji akawasemea wote wawili. Kisha mkwe akalivuta friji. Na Jumamosi iliyokuja baada ya hiyo alituma ujumbe kwamba ana kazi, samahani sana mama, labda wiki ijayo. Mama Pindo aliusoma, akaenda akakaa mbele ya cherehani bila kushona. Aliijua labda ile. Mkwe anayesema labda leo, kesho atakuwa wa sikukuu na misiba tu.

Binti alipokuja jioni, mama alikuwa amejiandaa.

"Hivi nani aliwatuma?"

"Akina nani, mama?"

"Hao waliotengeneza upya. Kitu kizima, kinachezeka, watu wanakipenda. Mtu anaamka asubuhi anasema ngoja nikitengeneze tena. Hana shamba? Hana watoto?"

"Lakini mama, wewe mwenyewe si unageuza kola? Shati la mtu limechakaa shingoni, unafumua, unageuza ndani nje, shati linakuwa jipya. Na wao ni hivyo hivyo."

Mama Pindo alitafakari, kwa sababu hoja ilikuwa nzuri, na nzuri zaidi kwa kuwa ilitoka tumboni mwake mwenyewe. "Nikigeuza kola," alisema mwishowe, "mwenye shati akilivaa, shingo yake inalitambua. Mimi simgeuzi na bega."

"Ile ilikuwa na kasoro nyingi. Nimesoma. Watu walilalamika miaka, wakarekebisha."

"Watu gani hao wasio na kazi?"

"Wachezaji, mama. Walisema kuna mahali watu wanaiba."

Mama Pindo akapaliwa na chai.

Jumatatu asubuhi alivaa vitenge vyake vya kutokea, akachukua mkoba, akatoka kwenda nyuma ya posta. Kichwani ameshapanga atakachosema: anatafuta betri ya saa. Duka la Dokta lilikuwa chumba kimoja chembamba, ukuta mmoja mashine zilizofunguliwa matumbo, ukuta wa pili diski kwenye rafu, na kwenye kona friji dogo la soda. Dokta mwenyewe alikuwa kijana mwenye ndevu na suruali ndefu mno, pindo limekatika nyuma linaburura vumbi. Mama Pindo aliliona pindo kabla hajaona uso.

Na nyuma ya friji la soda, amechuchumaa, tochi mdomoni, alikuwapo mtu anayemfahamu.

"Mkwe!"

Tochi ikaanguka. "Mama! Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unafanya nini huku?"

"Friji, mama. Nimeitwa kutazama friji."

"Friji langu?" alisema Dokta. "Friji langu halina tatizo. Wewe si umekuja kuuliza ile di..."

"Linakohoa," alisema mkwe haraka. "Nimelisikia nikipita."

"Na wewe, mama, nikusaidie nini?"

"Betri ya saa," alisema Mama Pindo.

"Betri siuzi."

Friji la soda, zima kabisa, likanguruma.

Dokta alimtazama huyu, akamtazama yule. Hakuwa mtu wa kuharakisha mambo. "Huyu bwana," alisema akimnyooshea mkwe kidole, "anaitaka Mbio za Mikokoteni ya zamani. Namwambia haina haja, hiyo mpya ukibonyeza kitufe hiki na hiki pamoja, inarudi sura ya zamani. Wenye gemu wameliweka hilo makusudi kwa watu wenye kumbukumbu. Tazameni."

Akawasha runinga ya dukani, akabonyeza, na kweli, mlima wao ukarudi. Kuku bila vivuli. Matikiti yasiyo na mistari, kama mipira. Yule bibi asiyetazama pande zote mbili. Hata mtangazaji alinyamaza. Mama Pindo alihisi machozi yakimkaribia, akanyoosha mkono, akapewa padi, akateremka mbio mpaka kwa kinyozi, akarudi kinyumenyume.

Gbwa!

"Si hii," alisema.

"Ndiyo hii, mama. Sura ile ile."

"Sura ndiyo. Mwenyewe siye."

Mkwe alipokea padi. Akaenda hadi darajani, akajitosa mtoni. Akakaa humo. Matikiti yakaelea. "Si hii," naye akasema.

"Haya," Dokta alisema, akavuta kiti akakaa, "sura mnayo, rangi mnayo, njia ile ile. Sasa mnataka nini? Mniambie, maana ya zamani iko hapa kwenye boksi, hakuna anayeiuliza, lakini nikimpa mtu kitu nataka nijue ninampa nini."

Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Mkwe alitazama vidole vya miguu yake ingawa safari hii alikuwa na viatu. Mama Pindo alikunja na kukunjua mkanda wa mkoba. Akisema, mkwe atamjua kuwa ni mwizi, na mama mkwe mwizi anasalimiwaje tena? Asiposema, ni friji mpaka kufa. Alipima hivi na hivi kama kitambaa kisichotosha. Kisha akageuka, si kwa mkwe, wala si kwa Dokta. Akageukia runinga.

"We mkokoteni mwekundu," alisema kwa sauti ya kukemea, "simama hapo tukuseme. Umezeeka vibaya. Watu wanateremka mlima kwa jasho lao, wewe ukifika kwa kinyozi unapita ndani ya ukuta kama jini. Mara ngapi? Usinijibu. Na kijani cha watu kinakuja nyuma yako, kimelelewa vizuri, kinakupongeza. Huoni haya?"

Dokta alifungua mdomo. Mkwe alimwinulia kiganja anyamaze. Alikuwa ameikodolea runinga macho, na masikio yake yalikuwa yanabadilika rangi.

"Mkokoteni wa kijani," alisema taratibu, "umesikia mwenzako? Ameungama. Wewe je? Wewe ambaye ukiona unashindwa unajitupa mtoni makusudi, kwa sababu unajua ile gemu ya zamani ina huruma, itakuokota na kukuweka ng'ambo, karibu na soko, matikiti yamejaa kuliko ulivyoondoka nayo. Mwongo mkubwa. Mama wa watu anakupa chai na sukari mbili."

Mama Pindo aligeuka polepole. "Mtoni?"

"Mtoni, mama."

"Makusudi?"

"Si mimi, mama. Mkokoteni."

"Na siku ile ulipolia kwamba umezama, nikakuonea huruma, nikakukatia andazi kubwa?"

"Mkokoteni uliumia sana moyoni siku ile," alisema mkwe. "Lakini andazi ulikula."

Kilichotoka kwa Mama Pindo kwanza kilikuwa kama kikohozi. Halafu akashika friji la soda asianguke, na chupa ndani zikagongana, na mkwe naye akaketi chini sakafuni, tochi mkononi, akicheka bila sauti jinsi wanavyocheka watu waliozoea kunyamaza. Dokta aliwatazama mmoja mmoja kama anatafuta waya uliokatika.

"Kumbe mnataka ile mbovu," alisema.

"Ile ile mbovu," alisema Mama Pindo, akipangusa miwani. "Na wewe vua hiyo suruali."

"Nini?"

"Pindo, mwanangu, pindo. Unafagia mji mzima. Niletee nyumbani nikushonee, na mimi unipe diski yangu."

Jumamosi ile mkwe alifika mapema kuliko kawaida. Viatu vyake alivipanga ovyo, kimoja kikatazama ndani. Waliirudisha mashine ya zamani mahali pake, wakapuliza vumbi, wakaketi. Lakini mwizi aliyekwisha kuungama ana udadisi wa mwizi mwenzake.

"Mama, huo ukuta uko wapi hasa?"

"Njoo nikuonyeshe. Teremka nami. Hapo kwa kinyozi. Sasa geuza mgongo. Penye sikio, usiende puani. Twende kinyumenyume, pamoja."

Wakaenda pamoja. Mwekundu ukazama, wa kijani ukazama, kioo kikawa cheusi, na hakikufunguka upande wa soko. Kilipofunguka mikokoteni yote miwili ilikuwa bado ndani ya ukuta. Imebanana humo, gurudumu la huyu kifuani kwa yule, vichwa vya wasukumaji vimetokeza ukutani pande zote mbili za yule mwanamume aliyenyolewa, kana kwamba nao wanangoja zamu. Walibonyeza mbele. Walibonyeza nyuma. Mikokoteni ilitetemeka tu.

"Mkokoteni wa kijani," alisema Mama Pindo, "ondoa gurudumu lako tumboni mwangu."

"Mwekundu ndiye aliyenileta humu. Nilikuwa na mto wangu, sina shida na mtu."

"Mto wako! Ungefia huko huko na matikiti ya kuiba."

Na kwa kuwa hapakuwa na mbio tena, walisema. Walisema habari ya ule mto, na mto mwingine wa kweli ambao mkwe alinusurika kufa maji akiwa mdogo, jambo ambalo binti mwenyewe hakuwahi kulisikia. Chai ilipoa ikapashwa moto. Suruali ya Dokta ilikuwa magotini mwa Mama Pindo, pindo linapanda mshono kwa mshono, na mkwe akamshikia uzi.

Hivyo ndivyo binti alivyowakuta alipotoka dukani. Aliitazama runinga, vichwa viwili vinatetemeka ukutani.

"Mmekwama," alisema. "Na hii mbovu mmeitoa wapi tena? Ngoja, zima uwashe, dawa yake ni hiyo." Akanyoosha mkono kwenye mashine.

"Usiguse!" walipiga kelele pamoja, na Mama Pindo, ambaye mdomo wake ulikuwa na pini, akaongeza kwa upande wa mdomo, "Kaa, mwanangu. Kijani ndiyo kwanza kinafika mahali pazuri pa hadithi."